Mkimbiaji Akisha Kufika

Jumamosi moja hapa Kisangani, vijana wa shule walishindana kukimbia kilomita 10. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na wenyeji wa mji huu ulio karibu na mstari wa Ikweta walijua joto lake: ni joto la unyevu, ambalo ndani yake jasho hutiririka tu bila kukauka mwilini. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 17, mkazi wa komini ya Mangobo, alifika wa kwanza. Tukampigia makofi, tukambeba juu juu, kisha tukamketisha kitini kama mwana wa mfalme. Dakika chache baadaye aliinuka kupokea zawadi yake. Macho yakamgeuka, akaanguka kama gunia.

Wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. La, hakurogwa. Kosa lilikuwa letu, na hasa langu mimi mwalimu wake.

Tazama jinsi mwili ulivyo. Mtu akimbiapo, misuli ya miguu hukaza na kulegea, na kwa kazi hiyo huisukuma damu ipande kurudi moyoni. Akisimama ghafula, mishipa ingali imepanuka, lakini misuli imeacha kusukuma. Damu hutuama miguuni na ubongo hupungukiwa. Kwa hiyo aliyefika yampasa aendelee kutembea polepole dakika 10 au 15. Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda maratoni ya Tokyo mwaka 1964, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, hakujitupa chini. Alianza kujinyosha na kufanya mazoezi mepesi nyasini. Watu huisimulia habari hiyo kama ajabu ya nguvu zake. Mimi naona pia kwamba alijua asimame namna gani.

Muuguzi aliyekuwapo alimlaza kijana chali kivulini, akainua miguu yake, naye akafumbua macho. Hapo kila mtu akaja na kikombe cha maji. Maji ni lazima, tena yaliyo safi, lakini yanywewe kidogo kidogo kwa kadiri ya kiu. Anayejaza tumbo maji matupu kupita kiasi huizimua chumvi iliyomo katika damu. Kichwa humwuma, hutapika, hata huweza kuchanganyikiwa. Uji uliotiwa chumvi kidogo wafaa sana, pamoja na ndizi. Na baada ya saa moja au mbili, wali na maharagwe, au samaki wa mtoni na sombe. Chakula cha namna hiyo hurudisha nguvu zilizotumika na kujenga misuli upya. Pombe isimkaribie siku hiyo, hata kama wajomba wamekwisha kufungua chupa za ushindi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa bado. Jumapili yake tulikuwa na mchezo wa kandanda na shule jirani. Asubuhi mama yake alinijia.

“Mwalimu, mtoto hawezi hata kuchuchumaa. Apumzike leo.”

“Mama, huo ni uchovu tu,” nikamjibu. “Akikimbia kidogo utamtoka.”

Alininyamazia kwa heshima. Katika kipindi cha pili kijana aliushika paja lake, akachechemea mpaka nje ya uwanja. Msuli ulikuwa umechanika. Alikaa majuma sita bila kukimbia, na mimi sikuweza kumtazama mama yule usoni.

Nilipaswa kujua kwamba mbio kali huacha michaniko midogo sana ndani ya misuli, na kwamba maumivu yake huzidi siku ya pili na ya tatu, si siku ile ile. Makocha wengi huhesabu siku moja bila mbio kali kwa kila kilomita moja na nusu hivi ya mashindano. Basi kilomita 10 hudai karibu juma zima, na maratoni majuma matatu au manne. Siku hizo kutembea ni dawa, na kulala mapema kunazidi kutembea. Asitumwe kuteka maji kwa bidoni siku mbili tatu. Ndugu zake wapo. Asikandwe kwa nguvu penye maumivu, wala asimeze ovyo vidonge vya kutuliza maumivu mwili ungali umekauka, maana vingine huumiza figo.

Nanyi wazazi, angalieni dalili ambazo si za uchovu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai nzito, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Homa ikipanda, msiseme “ni zile mbio”: apimwe malaria. Na mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu asishindane kabla daktari hajaulizwa.

Wengi wamkumbuka John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka katika maratoni ya Mexico City mwaka 1968, goti likaumia vibaya, naye akafika wa mwisho, wa 57, amefungwa bandeji. Shuleni husifiwa kwa kufika kwake. Ni wachache wasimuliao kwamba goti lile lilipona, na mwaka 1970 huko Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika maratoni.

Kijana wetu alirudi mashindanoni mwaka uliofuata, akawa wa nne. Alipoupita mstari hakuketi. Aliuzunguka uwanja mara mbili kwa miguu, mama yake akimfuata na kitambaa kikavu na chupa ya uji. Kesho yake mchana nilikwenda kwao kumjulia hali. Mama akanipokea mlangoni, kidole mdomoni: mwanawe alikuwa amelala.