Sura ya 7: Kuuzuia Mkondo Kabla Haujakua

Umeme wa majumbani hubadili mwelekeo bila kupumzika, na kila unapogeuka hupita kwenye sifuri. Kwa masafa ya hezi 50, hilo hutokea mara 100 kwa sekunde. Breka ya ukutani hulitegemea jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Midomo yake inapoachana, tao la umeme huwaka kati yake. Zikipita milisekunde chache mkondo hufika sifuri, tao likafa lenyewe. Kazi inayobaki ni kulizuia lisiwake tena.

Mkondo mnyoofu, yaani ule wa betri, wa paneli za sola na wa njia ndefu za kusafirisha umeme, hauna sifuri hiyo. Tao likishawaka huendelea kuwaka mpaka chanzo kiishiwe, kitu kiyeyuke, au ipatikane volti ya kupinga iliyo kubwa kuliko volti ya chanzo. Kwa hiyo mhandisi wa mkondo mnyoofu haanzi na breka. Huanza kwa kuuliza mkondo utakua kwa kasi gani siku ya shoti, na ni kitu gani kitakachouchelewesha.

Mambo mawili huamua. Ukinzani huamua mkondo utafika wapi. Benki ya betri ya volti 48 ambayo ukinzani wake wote, pamoja na nyaya, ni omu 0.01 itatoa ampea 4,800 ikipigwa shoti, hata kama inveta iliyofungwa hapo haijawahi kuvuta zaidi ya 100. Koili nayo huamua mkondo utafika huko upesi kiasi gani: gawanya volti kwa henri za koili, utapata ampea zinazoongezeka kila sekunde.

Kituo cha kugeuza umeme cha Suswa, Kenya, kinatusaidia kuona ukubwa wa tatizo. Kinapokea umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, kwa njia ya kilomita 1,045 hivi, nguzo moja ikiwa na volti 500,000 chanya na nyingine 500,000 hasi, kwa uwezo wa megawati 2,000. Ukipiga hesabu, mkondo wa mzigo kamili ni ampea 2,000. Tuseme radi imepiga, umeme unakimbilia ardhini karibu na kituo, na koili iliyo njiani ina henri 0.25, tarakimu niliyoichagua kwa ajili ya hesabu tu. Mkondo utapanda kwa ampea 2,000 kila milisekunde. Breka kubwa za gridi huchukua milisekunde 40 hivi kukata. Pasipo kizuizi kingine, mkondo ungekuwa umeongezeka kwa ampea 80,000 kabla breka haijamaliza kazi yake.

Njia ya aina hii huokolewa na vigeuzi vyenyewe. Thairista za upande unaotuma umeme huamriwa kuchelewa kuwaka, volti ya kigeuzi ikageuka na kuanza kuunyonya mkondo badala ya kuusukuma. Mkondo hufika sifuri, hewa iliyoungua hupewa muda wa kupoa, kisha njia huwashwa tena, yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Koili ndiyo iliyonunua muda wa amri hiyo kufika.

Vigeuzi vingi vya kisasa vinavyotumia transista haviwezi kujiokoa hivyo. Hata transista zikizimwa, diodi zilizo kando yake huendelea kuulisha mkondo wa hitilafu kutoka gridi. Ndiyo sababu kampuni ya ABB ilipotangaza mwaka 2012 breka chotara ya mkondo mnyoofu, wahandisi waliipokea kama jibu la swali la karne nzima. Mkondo wa kawaida hupita kwenye swichi ya chuma isiyopoteza nguvu nyingi. Ikitokea hitilafu, husukumwa kwenye safu ya transista, swichi hufunguka bila tao, transista hukata, na vimeza-volti humaliza nishati iliyobaki. Yote huchukua milisekunde 5.

Nishati hiyo iliyobaki ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi huipita haraka mno. Koili ni kama jahazi lililojaa shehena: ni zito kuanza mwendo, na ni zito kusimama. Ikichelewesha mkondo kupanda, itauchelewesha pia kushuka, na kila kilichohifadhiwa ndani yake lazima kipate pa kwenda.

Tarehe 19 Septemba 2008, katika mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya CERN karibu na Geneva, mkondo wa sumaku za kipitishi-kamili, yaani zisizo na ukinzani, ulikuwa umefika ampea 8,700 hivi pale kiungo kimoja kati ya sumaku mbili kilipopata ukinzani. Hapakuwa na waya ulioguswa wala radi. Nishati iliyokuwa kwenye sumaku zenyewe ilipita kwenye tao, tao likatoboa chombo cha heli ya kuzipoza, na tani 6 hivi za heli zikavuja. Zilitolewa sumaku 53 kutoka kwenye handaki, na mashine haikurudi kazini hadi Novemba 2009. Swichi za kumwaga nishati kwenye vikinza vikubwa zilikuwapo, lakini kuziondolea nishati sumaku nyingi hivyo huchukua zaidi ya dakika moja, na tao halingoji.

Katika mitambo ya mipigo hali hugeuka: nishati imo kwenye kapasita, na hutoka kwa mikrosekunde. Fikiria kapasita 20 zilizofungwa sambamba, kila moja mikrofaradi 100 kwa volti 10,000. Kila moja ina kilojuli 5. Moja ikipasuka ndani, zile 19 humwaga kilojuli 95 ndani yake, na bati lake huweza kulipuka kama bomu. Dawa ni kuipa kila kapasita fyuzi au kikinza chake, na kuigawa benki katika mafungu. Koili husaidia, ila bei yake ni kubwa: ukiongeza henri mara 100, kilele cha mkondo hupungua mara 10 tu, na mpigo uliokuwa mkali unakuwa mvivu.

Kwa mirija mikubwa ya klaistroni, inayokuza mawimbi ya redio, wahandisi hufanya kinyume: wakigundua tao ndani ya mrija, hupiga shoti ya makusudi kwenye benki yote ili nishati ipite kando. Kikinza hubaki njiani kuzuia mkondo usizidi. Kujaribu kinga hiyo, hufunga waya mwembamba wa shaba mahali pa mrija na kuwasha hitilafu. Waya ukikatika, kinga haifai, hata kama hesabu za karatasini zilikuwa safi. Naliheshimu sana jaribio hilo.

Wewe unayefunga sola nyumbani au dukani, usikubali breka ya umeme wa kawaida upande wa betri kwa sababu tu ampea zake zinalingana. Tafuta iliyoandikwa volti za DC, yaani za mkondo mnyoofu, iliyo na uwezo wa kukata mkondo wa shoti uliouhesabu, na kama ina alama za chanya na hasi, zifuate. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa maana waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi.