The Spotnicks: Mbogi ya Göteborg Iliyochapa Gita Bila Waya

Kila msee akibonga kuhusu The Spotnicks huanza na suti. Na si uongo, ile luku ilikuwa moto. Mayut wanne wa Uswidi, mwanzo wa miaka ya 60, wanapanda steji wakiwa wamejifunga suti za wanaanga, helmeti kichwani, halafu wanaanza kuchapa gita mbio hadi unashindwa kufuata vidole. Yuri Gagarin alikuwa amezunguka dunia Aprili 1961, kila gazeti lilikuwa na roketi, na hii mbogi ikaamua kuivaa hiyo stori mwilini. Hizo picha zinabamba hadi wa leo. Lakini tukikwama kwa suti tunawanyima haki yao, ju kitu kali kuliko zote haikuwa kwa mavazi. Ilikuwa kwa gita ya Bo Winberg: kamashine kadogo alikuwa amejiundia na mikono yake.

Hako kamashine kalikuwa kanarusha sauti ya gita hewani kwa mawimbi ya redio. Risiva inakaa karibu na ampu, gita inakaa na msee, katikati hakuna waya. Saa hii hiyo ni kawaida, hata MC wa ruracio ako na maiki ya hivyo. Enzi hizo haikuwa rahisi kuingia dukani na kununua kitu kama hiyo. Winberg alikuwa fundi wa ukweli, ile aina ya msee ungempata Luthuli Avenue, redio imefunguliwa matumbo mbele yake, solda mkononi, na hata hasikii venye unamwita. Sauti akiikosa kwa maduka, alikuwa anaingia kwa waya anaitafuta mwenyewe. Na ju hakuna kitu ilikuwa imewafunga kwa spika, walikuwa wanazunguka steji mzima wakichapa, wakati bendi zingine zilikuwa zimesimama pale waya inafika. Fikiria msee wa 1962 ameketi kwa holi, anaona gita inalia na haijaunganishwa na kitu chochote. Huyo ameona roketi.

Göteborg ni mji wa bandari, magharibi mwa Uswidi. Meli zilikuwa zinaundwa huko, na Volvo ilizaliwa huko 1927. Bo Starander, ambaye baadaye alijulikana kama Bob Lander, alianza na Björn Thelin 1956, wakijiita The Rebels, wote bado mayut wadogo. Winberg akaingia na gita ya kuongoza, Ove Johansson akashika ngoma, na jina likabadilika kuwa Rock-Teddy and the Blue Caps. Hapo hawakuficha walikuwa wanamwangalia nani, ju Blue Caps ilikuwa bendi ya Gene Vincent wa Marekani. Halafu wakawa The Frazers. Miaka kadhaa ya kupiga shoo za mtaani, hakuna kelele. 1961 wakapata dili ya kurekodi na lebo ya Karusell, na meneja wao Roland Ferneborg akawapa jina kutoka kwa Sputnik, setilaiti ya Wasovieti iliyorushwa Oktoba 1957. Kutoka hapo kila kitu yao ikaelekea juu.

1962 wakaland London, wakasaini na lebo ya Oriole, na ngoma iliyowafungulia njia ilikuwa Orange Blossom Special. Hii si ngoma yao. Ni ya Ervin Rouse wa Marekani, ya miaka ya 30, na iliundwa ipigwe na fidla. Fidla inaigiza treni iliyokuwa ikitoka New York kuenda Miami: firimbi inalia, magurudumu yanashika mwendo, halafu mbio inaanza na hairudi nyuma. Wapiga fidla wa Marekani walikuwa wanaitumia kuonyeshana nani ni nani. Winberg akaitoa kwa fidla akaiweka kwa gita ya umeme, na hakupunguza hata kidogo. Ile mbio ya uta wa fidla, yeye anaifanya na pleki, noti moja moja, na zote zinaskika. Ilifika namba 29 kwa chati ya Uingereza. Usiidharau hiyo 29. Ni bendi ya Uswidi, kwa hiyo ngoma hakuna anayeimba, na imeingia London wakati The Shadows ndio walikuwa wameshika hiyo biashara ya gita bila maneno, tangu Apache ya 1960. Mwanzo wa 1963 wakaongeza Hava Nagila, ikapanda hadi namba 13. Albamu yao ya kwanza, The Spotnicks in London, Out-a Space, ilikuwa tayari imetoka 1962, na mwaka uliofuata wakaonekana kwa filamu ya Just for Fun.

Sasa kuna mabishano ambayo mashabiki wa gita hawachoki nayo: hii ni surf ama si surf?

Surf yenyewe ilizaliwa California. 1961 Dick Dale alikuwa anajaza Rendezvous Ballroom pale Balboa na mayut waliotoka kuteleza mawimbi na mbao zao, na mwaka huohuo akaangusha Let's Go Trippin'. Jamaa alikuwa anapiga na nguvu hadi ampu zinaungua, na fundi Leo Fender akawa anamuundia zingine kubwa zaidi. Halafu kukakuja rivabu ya Fender. Hiyo ni sanduku lenye springi ndani: sauti ya gita inapitishwa kwa springi, springi zinatetemeka, na ikitoka upande wa pili imelowa, inachuruzika. Ukiskia gita ya hivyo unajua uko ufuoni hata kama hujawahi kuona bahari.

Winberg hakuwa na hiyo maji. Sauti yake ni kavu na inang'aa. Mwangwi wake ni ule wa kurudia: noti inapigwa, inarudi nyuma yake ikiwa ndogo, halafu inarudi tena ikififia. Ndio maana gita yake inakaa ni kama iko mahali pakubwa pasipo na watu, anga yenyewe. Kwa hivyo msee wa masharti atakwambia hiyo si surf, na ako na pointi.

Mimi bado nawaweka kwa hiyo familia, na ushahidi wangu ni Hava Nagila. 1963 Dick Dale pia aliirekodi. Kwa hivyo wasee wawili, mmoja yuko California, mwingine anatoka Göteborg, wanashika ngoma moja ya Kiyahudi, wanaitoa maneno, na wanaitupa kwa gita ya umeme. Ziskize zikifuatana. Dale ni mshoto, nyuzi zake ni nene ajabu, na huo mkono unakata nyuzi bila kupumzika hadi ngoma inakuwa ni mvua ya mawe. Winberg ni mpole kwa mkono na mkali kwa hesabu. Mbio iko, lakini kila noti imesimama peke yake, hakuna inayokanyaga mwenzake. Dale anataka uloe, Winberg anataka uskie. Nikilazimishwa kuchagua, usiku kwa keja na hedifoni namchukua Winberg, kwa sherehe namchukua Dale.

Na hawakukutana kwa hiyo ngoma bure. Babake Dick Dale alikuwa na asili ya Lebanoni, na Dale alikua akimwangalia ankali yake akipiga udi. Ile mbio ya mkono ilitoka huko. Misirlou yake ya 1962 ni ngoma ya zamani ya mashariki mwa Mediterania, na mayut wa Nairobi wanaijua hata kama hilo jina ni geni, ju Black Eyed Peas waliikata wakaijenga Pump It juu yake, na hiyo ngoma ilichapwa kwa mat hadi ikakaa ni ya mtaa. Msee wa Unguja ama Mombasa aliyelelewa na taarabu akiskia zile noti hashtuki. Udi na zile ngazi za sauti za Kiarabu ziko kwao kitambo, Ikhwani Safaa ilianza Zanzibar 1905. Siku moja natamani kuskia mpiga udi wa Unguja akiichapa Hava Nagila ya Winberg. Naamini ataifungua vizuri kuliko wapiga gita wengi.

Rudi kwa Winberg, ucheki mahali alikuwa anachota. The Rocket Man ya 1962 ni Polyushko-polye, ngoma ya Wasovieti ya miaka ya 30. Huo ni mwaka wa ngori ya makombora ya Cuba, Marekani na Wasovieti wamekazana macho, na mayut wa Uswidi, nchi ambayo haikuwa imejiunga na upande wowote, wanashika ngoma ya Jeshi Jekundu, wanaivalisha helmeti, wanaipeleka London ikauzwe. Hakuna aliyewazuia. Ingekuwa na maneno ya Kirusi ingefika wapi? Hii ndio nguvu ya gita bila mwimbaji, na naona The Spotnicks waliielewa kuliko karibu kila mtu wa wakati wao. Treni ya Marekani, sherehe ya Kiyahudi, jeshi la Wasovieti, zote zilipita kwa mikono ya Winberg zikatoka zikiwa na sura moja, na bado ungetambua kila moja ilitoka wapi. Bob Lander alikuwa anaimba ngoma kadhaa pia. Zisikie ukiwa na wakati.

Ndani ya mbogi watu walikuwa wanabadilika. 1963 Ove Johansson aliacha ngoma akaenda kuwa mchungaji wa kanisa. Ngoma zao ziko kwa chati, filamu imetoka, na msee anaitwa na kitu kingine na anaenda. Namheshimu sana kwa hiyo. Derek Skinner wa Uingereza akashika vijiti. Lakini kitu kubwa zaidi ilikuwa inawakujia kutoka Liverpool. Kutoka 1963 The Beatles walibadilisha kila kitu: sasa mayut walitaka bendi inayoimba, na bendi nyingi za gita tupu zikazimika Ulaya mzima.

Halafu 1965 mpiga ngoma mpya akaingia, na huyu ndiye yule Beatles walimwacha njiani. Jimmie Nicol. Juni 1964 Ringo Starr, mpiga ngoma wa The Beatles, alishikwa na koo siku moja kabla ya ziara ya dunia, na Nicol akapigiwa simu aje haraka. Shoo yake ya kwanza ilikuwa Copenhagen. Akapiga Denmark, Uholanzi, Hong Kong na Australia, wasichana wanalia jina lake, halafu Ringo akapona, akawakuta Melbourne, na Nicol akarudishwa nyumbani na pauni 500 na saa ya dhahabu. 1965 alikuwa amefilisika. The Spotnicks wakamchukua. Watu husimulia maisha ya Nicol kama mkosi, na mimi nadhani wanaacha hii sehemu nzuri nje. Kwa hii mbogi alikaa karibu miaka miwili, akazunguka dunia tena, na safari hii kiti kilikuwa chake. Aliachana nao 1967, wakiwa Meksiko.

Na dunia walizunguka kweli, ju Uingereza ilipofunga mlango, Japani ilikuwa inaufungua kwa nguvu. Kule gita ya umeme ilikuwa imeshika mayut vibaya tangu The Ventures wapige ziara Januari 1965. Walikuwa wanaita hiyo kitu eleki. Takeshi Terauchi alikuwa anachapa ngoma za kienyeji za Japani kwa gita ya umeme, sinema zilikuwa zinaundwa kuhusu bendi, na kuna shule zilikataza wanafunzi kuenda shoo. Katikati ya hiyo joto The Spotnicks wakaingia na Karelia, ngoma yenye asili ya Ufini, ambayo ilikuwa imerekodiwa kwanza na bendi ya The Feenades kwa jina la Ajomies. Peter Winsnes, aliyekuwa kwa The Feenades, sasa alikuwa na The Spotnicks kwa kinanda. Karelia ikashika namba 1 Japani.

Kwangu Karelia ndio kilele. Mbio si ndio kitu kuu hapo. Ni huzuni ya kaskazini, na Winberg anaacha mwangwi ufanye kazi yake. Msee mwenye mkono wa haraka namna hiyo kuamua kutulia, hiyo inataka roho. Na Wajapani, ambao ngoma zao za zamani pia zinajua huo uzito, waliishika mara moja. Ziara ya 1966 huko ilipokelewa vizuri hadi Japani ikabaki nyumbani kwao kwa pili.

1970 mbogi ilitawanyika, lakini Winberg hakuliacha jina life. Aliirudisha, akaendelea kurekodi na kusafiri na wasee tofauti kwa miongo, hadi albamu zikapita 40. Si zote ni za moto. Zile za baadaye zimelainishwa sana, na zingine ni ngoma za watu zimepigwa vizuri tu, hakuna hatari ndani yake. Lakini gita yenyewe unaitambua kwa noti mbili za kwanza. Winberg alifariki Januari 2020, akiwa na miaka 80.

Kama unataka kuwaskiza, anza na zile rekodi za 1961 hadi 1966. Weka Orange Blossom Special kwanza, na usiicheze kwa spika ya simu, itakosa kukuambia kitu. Fuatisha The Rocket Man, halafu Karelia ukiwa umetulia. Hava Nagila iweke mwisho, ya Winberg na ya Dale zikifuatana, kwa sauti ya juu. Na kama uko na gita kwa keja, jaribu ile sehemu ya treni. Anza pole, noti moja moja, na usiongeze mwendo hadi zote zitoke safi.