Jina, Mji na Pindo: Viambajengo na Kanuni za Usanifu wa Michoro katika Kanga

1.0 Utangulizi

Majina ya kanga yamewavutia wanafasihi na wanaisimu kwa muda mrefu. Yamekusanywa, yamepangwa kwa maudhui, na kuchambuliwa kama methali, mafumbo na vijembe. Hata hivyo, mara nyingi jina hunukuliwa katika orodha, na kitambaa lilikotoka huachwa nje ya uchambuzi. Makala haya yanadai kuwa jina likitengwa na mchoro wake hupoteza sehemu ya maana yake; hivyo mtafiti wa kanga hana budi kuielewa misingi ya usanifu wa michoro.

Kwa usanifu wa michoro tunakusudia upangaji wa maandishi na picha juu ya uso bapa kwa lengo la kufikisha ujumbe. Bango na jalada la kitabu ni mifano ya kawaida. Kanga nayo, iitwayo pia leso, hasa Mombasa, inastahili kuhesabiwa humo.

2.0 Viambajengo

Viambajengo ni vitu ambavyo msanifu anavyo mkononi kabla ya kuvipanga: mstari, umbo, rangi, nafasi na herufi.

Mstari katika kanga huonekana kwanza kwenye pindo, yaani ukingo unaozunguka kitambaa pande zote nne. Pindo huufunga uwanja wa kati, uitwao mji, na kuliambia jicho mahali mchoro unapoanzia na unapokomea. Umbo hujitokeza zaidi katika mji: maua, matunda, madoadoa, au umbo la korosho ambalo limedumu katika kanga za vizazi vingi.

Rangi haitegemei hiari ya msanifu peke yake. Katika uchapaji wa vitambaa kila rangi huhitaji rola au kiwambo chake, na kwa hiyo kuongeza rangi ni kuongeza gharama. Uchache huo umezaa umahiri. Kisutu, kanga inayohusishwa sana na arusi, hutumia nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na bado hutambulika kwa mbali.

Nafasi ni sehemu iliyoachwa bila mchoro. Si upungufu, ndiyo inayoyapa maumbo uhai, kama vile kituo kinavyoupa mshororo pumzi.

Herufi ni kiambajengo chenye sura mbili: husomwa na pia hutazamwa. Kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye hati za Kirumi zikashika mahali pake. Badiliko hilo halikuwa la tahajia peke yake. Hati za Kiarabu huungana na kufanya mstari mmoja unaopinda, ilhali herufi kubwa za Kirumi husimama mojamoja kama safu ya nguzo. Sura nzima ya jina ilibadilika.

3.0 Kanuni

Kanuni ni namna ya kuvihusisha viambajengo hivyo. Msomaji wa ushairi hatazikuta ngeni.

3.1 Urari: Huu ni mgawanyo wa uzito wa mchoro. Kanga nyingi zina urari wa pande mbili: nusu ya kulia huijibu nusu ya kushoto, kama ukwapi na utao katika ubeti.

3.2 Takriri na ukinzani: Umbo linalorudiwa katika pindo hujenga mahadhi ya macho. Lakini takriri tupu huchosha. Kwa hiyo mji hukinzana na pindo: pindo likisheheni maumbo madogo, mji huweza kubeba umbo moja kubwa.

3.3 Msisitizo na daraja: Si maandishi yote yana ukuu sawa. Jina huandikwa kwa herufi kubwa, aghalabu ndani ya kisanduku. Chapa ya mwenye mali, kwa mfano "Mali ya Abdulla" ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, huwekwa ukingoni kwa herufi ndogo. Jicho huambiwa lipi lisomwe kwanza.

3.4 Umoja: Hapa pana jambo ambalo orodha za majina hulificha. Mchoro mmoja huweza kuchapwa na majina tofauti, na jina moja likatokea katika michoro tofauti. Mara nyingi, basi, picha si kielelezo cha jina. Umoja wa kanga hujengwa na mpangilio, si lazima maudhui. Ziko kanga zinazokwenda kinyume, hasa za kumbukumbu: ile ya kumpongeza Barack Obama baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 iliweka sura yake katika mji, na picha na maneno yakasema jambo moja.

4.0 Kanga mwilini

Bango hutazamwa likiwa bapa, kanga huvaliwa. Jina huwekwa katikati ya upana wa kitambaa, karibu na pindo la chini. Mvaaji akijifunga na kuzikutanisha ncha mbele, sehemu hiyo ya kati huangukia nyuma. Yeye halioni jina, hulisoma anayemfuata. Akitaka kulificha, hulikunja. Akitaka lionekane, hulinyoosha. Kwa hiyo msanifu hutoa nafasi ya usemi, lakini mwenye kauli ya mwisho ni mvaaji. Nguvu ya kijembe cha kanga, na uwezo wa mwenyewe kukikana, hutokana kwa kiasi kikubwa na mpangilio huu.

5.0 Hitimisho

Tumeona kuwa jina la kanga ni kauli na pia ni umbo lenye mahali, ukubwa, rangi na jirani zake. Tunapendekeza kwamba kila jina linapokusanywa liandamane na maelezo mafupi ya rangi, umbo la mji, aina ya hati, chapa ya ukingoni, na namna kanga ilivyovaliwa iwapo ilionekana mwilini. Kazi hii haifai kuahirishwa: kanga ni vazi la kila siku, hufuliwa, huchujuka, na hatimaye hufanywa nguo ya kubebea mtoto au tambara la jikoni. Maneno yake huenda yakabaki katika orodha zetu. Mchoro ukishapotea, orodha haiwezi kuurudisha.