Zawadi za Diwali na Ng'ombe wa Bwana

Mwananchi wa Ngara au Biharamulo huenda akauliza: Diwali yatuhusu nini sisi? Sikukuu hiyo ya taa ni ya Wahindu, nao katika wilaya hizo si wengi. Lakini mtu aliyepata kuajiriwa katika duka au ghala la Mhindu, iwe Bukoba au Mwanza, aijua vema, maana siku hiyo hurudi nyumbani na boksi la vitamutamu kwapani, na pengine noti mfukoni. Zawadi hiyo yafaa tuizungumze.

Diwali huja kati ya Oktoba na Novemba. Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, ni siku tano. Siku ya kwanza hununuliwa chombo cha madini, hata kama ni kijiko tu, kuwa dalili ya baraka. Usiku wa Diwali yenyewe, mwezi usipoonekana, vijitaa vya udongo huwashwa milangoni, na mwenye duka huweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, ili aombe mwaka wa faida. Kisha waingia mwaka mpya. Watu huamkiana “Sal Mubarak”, salamu ambayo Mswahili huielewa nusu yake bila mkalimani. Vijana huinama kugusa miguu ya wazee, nao wazee huwapa fedha. Sahani za ladu na barfi hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na aghalabu sahani hairudishwi tupu.

Siku ya mwisho ndiyo inayopendeza kuliko zote. Huitwa Bhai Bij. Ndugu mwanamume huenda nyumbani kwa dada yake, hata kama dada ameolewa mbali. Dada humtia alama kwenye paji la uso, humwombea maisha marefu na kumlisha. Naye kaka hutoa zawadi yake. Husimuliwa kwamba Yama, mungu wa mauti, ndiye wa kwanza kualikwa hivyo na dada yake Yamuna. Hata mauti, basi, hujua njia ya kwa dada!

Hayo si mageni kwa Mhangaza wala kwa Msubi. Nao hawaendi harusini mikono mitupu. Pombe ya ndizi huletwa, mirija hutiwa, na aliyeleta leo ataletewa kesho. Zawadi ya namna hiyo huzunguka, na anayeipokea hapungukiwi heshima.

Lakini watu wa Ngara waijua pia zawadi ya namna nyingine. Bugufi, ambayo ni sehemu ya wilaya hiyo, zamani ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, na katika nchi hizo za mipakani bwana alimpa mnyonge ng'ombe. Ng'ombe huyo aliitwa kipawa. Mnyonge alipata maziwa, naam, lakini alimlipa bwana kwa utumishi na kwa pombe, na bwana akikasirika ng'ombe alirudi zizini kwake. Rwanda waliita desturi hiyo ubuhake, na ni mwaka 1954 tu Mwami Mutara wa Tatu alipotangaza kuikomesha.

Basi boksi la Diwali ni sahani ya jirani au ni ng'ombe wa bwana? Hatusemi kwamba kila mwajiri ana hila. Wako wengi watoao kwa moyo safi, na swali hili huwahusu vilevile watoao wakati wa Idi na Krismasi. Kipimo ni siku ile mfanyakazi adaipo mshahara uliochelewa. Akijibiwa, “Si juzi tu nilikupa?”, ajue kwamba alichopewa ni kamba ya kumfungia. Mshahara ni deni, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka ulipwe siku iliyokubaliwa. Ladu haipunguzi deni hilo hata senti moja.

Iko na sahani ya tatu, ile iendayo kwa afisa. Hiyo hairudi na ladu. Hurudi na mhuri. Mwanachama aliyeahidi kutopokea wala kutoa rushwa hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Diwali ijayo mfanyakazi na apokee boksi lake kwa mikono miwili, amjibu tajiri wake “Sal Mubarak” kwa uso mkunjufu, akawagawie watoto. Na mwisho wa mwezi ukifika, azihesabu fedha zake zote mezani kabla ya kutia sahihi.