Chonge na Jirani Yake wa Plastiki

"Mjomba, meno ya bandia ya bibi yanashikwa na nini yasianguke?"

Swali zuri, mwanangu. Zuri sana! Watu wazima wengi huyavaa miaka na miaka bila kuuliza. Sogeeni wote, tumwite mwenye kujua.

Mwenye kujua ni Chonge, lile jino lililochongoka pembeni mwa meno ya mbele. Bibi alishang'olewa magego yote ya chini, lakini machonge mawili bado anayo. Chonge ana mzizi mrefu kuliko meno yote, ndiyo maana mara nyingi hubaki wenzake wakiondoka.

"Mimi ni Chonge," anasema. "Siku moja nililetewa jirani wa plastiki. Fundi alimtia waya wa kunishika kiunoni."

"Chonge, waya huo unakuumiza?"

"Inategemea, mjukuu. Bibi akitafuna mahindi ya kuchoma, plastiki inazama kidogo, maana ufizi ni laini. Ikizama, waya unanivuta upande. Ikiinuka, unanivuta tena. Vuta, achia. Vuta, achia. Nami sikuumbiwa kuvutwa upande. Nimeumbiwa kukandamizwa kwenda chini."

Mmeelewa? Basi twendeni mgombani. Hapa Rungwe nani hajaona mgomba ulioelemewa na mkungu? Ukiufunga kamba kwenye mgomba wa jirani, jirani naye anaanza kuyumba. Mvua yetu ikilowesha udongo, yote miwili inalala. Lakini ukikata mti wenye panda, ukausimika ardhini na kuukaza chini ya mkungu, uzito unashuka ardhini. Mkungu ni uleule. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni njia ya uzito.

Fundi meno naye huchagua njia. Akitengeneza meno yenye kiunzi cha chuma, huacha kidole kidogo cha chuma kinachokaa juu ya jino, ndani ya kishimo alichokichonga daktari. Kidole hicho hupunguza kuzama kwa meno ya bandia. Nguvu ya kutafuna inayofika kwenye jino inateremka kwenye mzizi, na waya unabaki na kazi ya kushika tu. Plastiki yenye waya bila kidole ni nafuu, na imewarudishia wengi kicheko, siidharau. Ila huegemea ufizi, na chakula hunasa pale waya unapogusa jino. Pasiposuguliwa vizuri kila siku, Chonge anaweza kuoza.

"Na mfupa je, mjomba?"

Hongera! Hapo ndipo nilipotaka ufike. Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Limeshikwa na nyuzi ndogo sana, katika nafasi nyembamba kama robo ya milimita. Kila unapotafuna, nyuzi zinavuta mfupa, na mfupa unajua bado unahitajika. Jino liking'olewa, hakuna wa kuuvuta. Mfupa unaanza kupungua. Hupungua zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote, na taya la chini hupungua zaidi kuliko la juu. Ndiyo maana meno yaliyomkaa bibi sawasawa leo, baada ya miaka yatachezacheza. Meno ni yaleyale, taya ndilo lililobadilika.

"Basi bibi ang'olewe Chonge, apate meno mapya yote!"

"Jamani, msining'oe!" Chonge anapiga kelele.

Ana haki ya kupiga kelele. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Crum na Rooney, walieleza walichokiona kwa miaka 5. Waliobakiziwa machonge mawili chini ya meno ya bandia walipoteza mfupa wa mbele wa taya la chini kwa milimita 0.6 hivi. Waliong'olewa meno yote walipoteza kama milimita 5. Chukua rula yako, upime. Umeona tofauti?

Wakati mwingine daktari humkata Chonge akawa mfupi, akamtibu mzizi, kisha akamwekea kitufe au sumaku ya kushika meno ya bandia. Ufupi unamsaidia, kwa sababu anayevutwa karibu na ufizi hayumbi kama anayevutwa kileleni.

"Na asiye na jino hata moja?"

Huyo anaweza kuwekewa skurubu za titani ndani ya mfupa. Mswidi Per-Ingvar Brånemark alianza kumwekea mgonjwa mwaka 1965. Mfupa huishika titani wenyewe, bila nyuzi, na pale ilipo haupungui upesi. Skurubu mbili mbele ya taya la chini zinatosha kushika meno yote ya chini, ila gharama yake bado ni kubwa kwa familia nyingi.

"Mjomba, bibi alale na meno yake ya bandia?"

Hapana, ayavue usiku, ayasugue, ayaweke kwenye maji safi, ufizi upumzike. Na mkimsindikiza kwa daktari wa meno, hospitali ya Makandana au Mbeya, wewe uliyeuliza ndiwe uulize tena: "Daktari, waya huu unamvuta Chonge upande gani?"