MACHO YAKARIBIE, MIKONO INGOJE
Saa moja ya jamaa pamoja na viumbe vya Bunia



Siku zote ukurasa huu unawakumbusha kofia ya kazi, bote, vumbi la mawe na chandarua cha mbu. Mambo hayo hayajaisha, tutayarudilia. Leo tunatoka kidogo katika uwanja wa kazi. Tunaenda mahali pasipodai tikiti wala franka: nyuma ya nyumba yako.

Jambo hili lilianzia kwangu. Jioni moja tulikuwa tunasikiliza habari. Mtangazaji akataja jina la radio yake, Radio Okapi. Binti yangu wa miaka 7 akaniuliza, "Papa, Okapi ni nani?" Nikamjibu kwamba ni nyama wa pori, wa Ituri yetu. "Wewe ulimwona?" Nikasema hapana. "Basi unajuaje kama yuko?" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka sana.

Okapi yuko. Miguu yake ina mistari kama ya punda milia, lakini ndugu yake wa karibu ni twiga. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina katika vitabu vyao mwaka 1901. Wambuti na watu wengine wa pori la Ituri walikuwa wanamjua tangu zamani. Porini hapatikani katika nchi nyingine, ni katika Kongo yetu tu. Hifadhi yake iliwekwa mwaka 1992, na kituo chake kiko Epulu. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia. Mwezi wa 6 mwaka 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakafa.

Toka Bunia mpaka Epulu ni zaidi ya kilomita 200, na njia ile kila mmoja wetu anajua habari zake. Kwa sasa siwezi kumpeleka mtoto wangu kule. Lakini usiku ule nilijiuliza: ninayo sababu gani ya kutomwonyesha hata ndege anayekaa juu ya avoka yetu?

WOGA WETU ULITOKA WAPI

Mwezi wa 5 mwaka 2003, vita ilipowaka ndani ya Bunia, nilikuwa na miaka 11. Jamaa yetu ilitoka kwa miguu kwa njia ya Komanda kuelekea Beni, pamoja na watu wengi. Tulilala porini. Tangu siku zile, neno "pori" kwangu lilikuwa na maana moja tu: mahali pa kujificha na kuogopa. Nikakua, nikasoma, nikawa munganga msaidizi, nikaoa. Na bila kujua, nikawapa watoto wangu woga ule kama urithi. Kila walipoingia majanini nilipiga kelele: "Rudi! Nyoka!"

Siku moja nilitoka kazini nikakuta watoto wa kartye, na wangu kati yao, wamempiga kinyonga kwa mawe mpaka amekufa. Nilipouliza sababu, binti yangu akasema, "Papa, ni wewe unasema vitu vya majanini ni vibaya." Kinyonga hana sumu. Anakula nzi na panzi. Siku ile mwenye kosa hakuwa mtoto.

Lakini nakumbuka pia neno la mama yangu katika safari ile ya mwaka 2003. Tulikuwa na njaa. Tukiona matunda na uyoga tusioujua, tulitaka kuvishika. Yeye akatuambia: "Macho yakaribie, mikono ingoje." Hakutukataza kutazama. Alitukataza kushika kabla ya kujua. Sote tulifika Beni wazima.

Leo, kama mtu wa dispanseri, sioni sheria nzuri kuliko hiyo. Na wewe mchimbaji unaijua tayari. Kabla ya kuingia unatazama ukuta, unatafuta ufa, unaangalia maji yanatokea wapi. Mtoto anayezoea kutazama kabla ya kushika, huyo ameanza masomo ya usalama wa kazi.

MAMBO MATANO YA KUFANYA PAMOJA

Saa moja kwa juma yatosha. Siku ya Yenga mchana ni vizuri. Kama umetoka ekipe ya usiku, lala kwanza. Mtu mwenye usingizi hachungi watoto.

1. Chagueni mti mmoja. Si lazima uwe mkubwa. Avoka, embe au mti wa kando ya njia, wote ni sawa. Kila mtoto autazame kila juma: majani mapya, maua, matunda, siafu, utando wa buibui. Mwambieni mtoto pia miti ilitoka wapi. Avoka ilitoka Amerika. Kalitusi tunayojengea nyumba ilitoka Australia. Mtoto atashangaa kwamba hata miti ni wageni, na wamekaa vizuri kwetu.

2. Tazameni ndege wafumaji. Ni wale wa manjano wenye kichwa cheusi, wanaopiga kelele nyingi na kutundika viota kwenye mitende na mianzi. Dume ndiye mjenzi. Anachana majani membamba, anayafuma kwa mdomo tu. Kiota kikiisha, ananing'inia chini yake na kupiga mabawa ili jike aje. Jike anaingia, anavuta majani ya ndani, anapima kama yanashika. Kama kazi ni mbaya, anaondoka. Kiota kikikauka bila kupata mwenyeji, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza tena. Bibi yangu alipoona hayo aliniambia, "Unaona? Hata kwa ndege ni mama anayepima nyumba." Nilipanda kutengeneza bati letu juma lile lile.

3. Dakika tano za masikio. Kaeni chini, fungeni macho, msiseme. Kila mtu ahesabu kwa vidole sauti ngapi amesikia. Kisha kila mmoja ataje zake. Kwa baba aliyekaa siku nzima karibu na mashine, hii ni dawa isiyopatikana katika chupa. Na kama unaona watoto wanasikia ndege ambao wewe huwasikii kila mara, njoo kwetu tupime masikio yako. Kelele ya mashine huharibu masikio polepole, bila maumivu, na masikio yaliyoharibika hayaponi. Vaa vizibo.

4. Kumbikumbi. Mvua inapoanza, jamaa gani ya Ituri haikimbii na sahani? Lakini mara hii, kabla ya kukaanga, mpe mtoto dakika chache. Atazame kumbikumbi akiangusha mabawa. Atawaona wawili wanafuatana chini, mmoja nyuma ya mwingine, wakitafuta mahali pa kuchimba. Hao ni mfalme na malkia wa kichuguu kipya, kama hawakuliwa. Kisha ainue macho aone mwewe na mbayuwayu wanaokuja kwenye karamu ile ile. Wengi wa mbayuwayu hao wanatoka Ulaya. Wanafika kwetu karibu na mwezi wa 9 au wa 10 na kurudi mwezi wa 3 au wa 4. Ndege huyo ana uzito wa gramu kama 20 tu, naye anavuka jangwa la Sahara kila mwaka. Usiku vaeni bote na mchukue tochi. Mkono usiingie katika tundu la kichuguu, maana nyoka hukaa humo.

5. Kaye ya majina. Nunua kaye moja. Mtoto achore alichoona, aandike siku na mahali. Kisha aende kwa wazee kuuliza jina lake. Katika kartye ya wafanyakazi tuko Wahema, Walendu, Waalur, Wanande, Wabira, Walugbara na wengine. Binti yangu aliuliza jina la ndege mmoja kwa majirani wanne, akapewa majina manne. Akaniuliza lipi ni la kweli. Nikamwambia yote. Majina ni manne, ndege ni mmoja. Tangu siku ile anaingia nyumba ambazo mimi mwenyewe, kwa sababu ya yaliyopita, nilikuwa napita mbali nazo. Wazee wanamngoja mlangoni. Mmoja alinituma neno: "Mwambie mtoto aje na kaye yake, nimekumbuka ndege mwingine."

MAHALI AMBAPO MIKONO LAZIMA INGOJE

Ndugu, nisingekuwa munganga wa kweli kama ningewatuma nje bila kuwaambia hatari.

Maji. Mkishuka kwa jamaa Kasenyi au Tchomia, tazameni wavuvi na ndege, lakini watoto wasiogelee wala kucheza katika maji ya ziwa Albert. Kichocho kimejaa kule, hata katika vijito vingi vya Ituri. Mdudu wake anatoka katika konokono wa majini na kuingia mwilini kwa ngozi, bila mtu kusikia. Baada ya muda tumbo linauma, damu inatoka chooni, ini linaharibika. Dawa iko, na vipimo viko. Aliyekwisha kuogelea asione haya, aje.

Panya waliokufa. Milima yetu ya Ituri ni moja ya mahali tauni inapokaa tangu miaka mingi. Panya akifa kwa ugonjwa huo, viroboto wake wanamwacha na kutafuta mtu. Ukiona panya wanakufa bila sababu, usiwashike kwa mkono mtupu, usimpe mtoto awatupe. Toa habari upesi kwa kituo cha afya. Mtu mwenye homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapani asingoje kesho.

Popo na nyama waliokutwa wamekufa. Hatujasahau Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, iliyoua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Nyama aliyekutwa amekufa porini si zawadi. Msimguse, msimle. Tunda lililong'atwa na popo litupwe.

Mbwa, nyani na tumbili. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aletwe tutazame habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukianza kuonekana, karibu hakuna anayepona. Na tusifuge watoto wa nyani wala kasuku wa porini. Mahali pao ni pori.

Nyoka. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba kwa nguvu, msipoteze saa kwa kuweka jiwe jeusi. Mwambie mgonjwa atulie, mguu au mkono usichezeshwe, mbebeni mpaka hospitali. Asitembee kama kuna njia nyingine.

Na neno la mwisho juu ya usalama: msiende mbali. Uliza kwanza habari za njia. Kila jambo katika orodha yangu mnaweza kulifanya kati ya mlango wenu na mlango wa jirani.

MTOTO NA KINYONGA

Majuma matatu yaliyopita nilisikia binti yangu anawaita wenzake. Nilitoka haraka, nikidhani ni nyoka. Nikakuta watoto sita wamechuchumaa mbele ya ua, mikono yao yote nyuma ya mgongo. Kinyonga alikuwa anatembea juu ya tawi. Mtoto mmoja aliinama, akaokota jiwe. Binti yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngoja. Tazama jicho lake kwanza." Na kweli, jicho moja la kinyonga lilikuwa linatazama mbele, na lingine linatutazama sisi. Yule mtoto alikaa na jiwe lake mkononi muda mrefu, kisha akaliweka chini.

Okapi bado hatujamwona. Yuko kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye, amechorwa kwa kalamu nyeusi. Chini yake mtoto ameandika: "Huyu tutaenda kumwona njia ikiwa nzuri." Nami nimeweka sahihi yangu pale.

Ndugu mfanyakazi, siku ya Yenga inayokuja, baada ya chakula, mshike mtoto mkono mtoke nje. Mtazame mti mmoja tu. Na mkiona kitu msichokijua, kumbukeni neno la mama yangu, mlifundishe kwa wengine: macho yakaribie, mikono ingoje.

Afya njema, na kazi njema.

Munganga msaidizi wenu, dispanseri ya kampuni, Bunia