Kwa Nini Ziwa Linakula Mega

Msomaji wa kartie ya Murara, mjini Goma, ametuletea swali. Kwaya yao ilipiga klipu ya dakika 4 kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Kwenye kompyuta ya fundi wa montaji ilipendeza, lakini ilipofika kwenye simu za watu, nyuso za waimbaji zilibaki safi na ziwa nyuma yao likawa limekatika miraba-miraba. Anataka kujua alaumiwe nani, mpiga kamera au fundi.

Asilaumiwe yeyote kati yao. Aliyeleta taabu ni ziwa, na siku ya kulishughulikia ilikuwa siku ya kwanza kabisa, kwaya ilipokaa kuchagua mahali pa kupigia picha.

Hatua za kutengeneza video sitazieleza moja moja. Senario, kurekodi sauti studio, siku ya kamera, montaji, kurekebisha rangi: Goma inazijua. Tamasha la filamu la Salaam Kivu lilianza mwaka 2005, na kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wengi kushika kamera. Mimi nataka tukae pale ambapo fundi amemaliza, anabonyeza kitufe cha kutoa faili, na kompyuta inaanza kuhema.

Inahema kwa sababu ya hesabu hii. Picha moja ya video ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2, na kila pikseli ikiandikwa rangi yake kamili inachukua baiti 3. Picha moja ni mega 6 na ushei. Kwa picha 25 kila sekunde, klipu ya dakika 4 inafika giga 37. Hakuna wa kununua mega hizo. Faili inayopandishwa YouTube kwa ubora huohuo inatosha kuwa na mega 240 hivi. Kwa kila sehemu 1 iliyobaki, zaidi ya 150 zimeachwa, na jicho halikuona kitu!

Hapa ndipo penye utamu. Wafikirie ndugu wawili, mmoja Goma na mwingine Bukavu, wanaocheza dama kwa simu. Kila mmoja ana ubao wake na vizibo vyake vya chupa. Mara ya kwanza wanaelezana ubao wote, kizibo kwa kizibo. Baada ya hapo wa Goma hasemi tena ubao mzima, anasema tu, "kile cha pembeni, kisogeze mbele mraba mmoja." Ujumbe mfupi, na mbao mbili zinabaki sawa. Kizibo kisichosogea hakitajwi kabisa. Lakini mtandao ukimeza ujumbe mmoja, wa Bukavu ataendelea kusogeza vizibo kwa utii kwenye ubao uliokwisha kupotoka, na kila hatua itazidisha kosa, mpaka mmoja aseme: tupange upya tangu mwanzo. Na siku mtoto akipita akavuruga vizibo vyote, maelekezo ya kusogeza hayasaidii kitu. Lazima ubao mzima usemwe tena.

Kodeki ya H.264, yaani kanuni ya kubana video iliyokamilishwa mwaka 2003 na ambayo hadi leo imo karibu katika kila simu, inacheza dama hiyohiyo. Picha inayosemwa yote nitaiita fremu mama. Wengine wangependa "fremu kuu", lakini ukuu hausemi kwamba zinazofuata zinaitegemea. Hizo zinazofuata hukatwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, vipande 8,160 kwa picha moja, na kwa kila kipande kodeki inauliza: ulikuwa wapi katika picha iliyopita? Ikikipata, inaandika mshale wa mwendo tu, na mshale huo hupimwa hadi robo ya pikseli. Kipande ambacho hakikusogea gharama yake inakaribia sifuri. Na mtandao ukimeza ujumbe, kosa linazidi kama kwenye dama. Ndiyo maana kwenye simu ya video uso huburutika kama rangi iliyomwagika, kisha ghafla ukarudi mzima: fremu mama mpya imefika.

Sasa litazame ziwa saa 10 alasiri. Kimeta cha jua juu ya wimbi hakisafiri. Kinazaliwa na kufa palepale. Kodeki inatafuta kilikokuwa na haioni popote. Inabidi ikiandike upya, kipande baada ya kipande, huku bajeti ya kila sekunde imeshawekwa. Bajeti ikiisha, inapunguza undani kwa kutumia hesabu ya mawimbi ambayo Nasir Ahmed na wenzake wawili waliichapisha mwaka 1974: madoido madogo ndani ya kipande yanatupwa kwanza, na mwisho inabaki rangi ya wastani tu. Hiyo ndiyo miraba aliyoiona msomaji wetu. Nyuso zilipona kwa kuwa zilisogea taratibu na mishale ikazitosha.

Mvua, vumbi la pikipiki na moshi wa volkeno ya Nyiragongo hufanya hivyohivyo. Giza nalo ni baya kuliko linavyodhaniwa, maana kamera isiyopata mwanga hujaza picha chembe zinazochezacheza, na kila chembe inadai kuandikwa. Video nyingi za simu za usiku wa 22 Mei 2021, mlima huo ulipolipuka na anga la Goma likawa jekundu, zilibeba mzigo huo.

Kwa hiyo, kwaya ikipanga klipu nyingine, ifikirie ukuta wa mawe ya lava. Una mikwaruzo mingi, lakini kamera ikiwa imara juu ya trepye, ukuta unaelezwa mara moja katika fremu mama kisha unaachwa, na karibu bajeti yote inabaki kwa waimbaji. Wakilitaka ziwa, na ni haki yao kulitaka, waende asubuhi maji yakiwa yametulia, walipatie nafasi ndogo kwenye picha, wapige wakiwa na mwanga wa kutosha. Faili wapandishe YouTube ikiwa nzito kadiri mega zinavyoruhusu, kwa sababu YouTube huibana tena kwa kodeki yake, na kilichopotea kabla ya hapo hakirudi. Kwenye WhatsApp waitume kama hati, si kama video: hapo inafika kama ilivyotoka kwa fundi.